Maji ya Nyumba ya Ndoo

Watu wanaopita siku hizi mbele ya ile nyumba ya mawe iliyo chini ya boma husimama wakasifu kuta zake. Nimewasikia kwa masikio yangu. Wanasema Mjerumani alijua kujenga. Mjerumani hakupandisha hata jiwe moja. Alisimama na fimbo yake akaelekeza, basi. Waliojenga ni sisi, na mwashi mmojawapo alikuwa mume wangu, na mimi kila nikipita pale na mkongojo wangu huvuka upande wa pili wa barabara. Wajukuu hunicheka. Waache wacheke. Hofu niliyoipata nyuma ya nyumba ile sijaipata tena mahali pengine.

Mkalimani wa boma alituambia kuwa ni nyumba ya kuzimia moto. Sisi tuliiita Nyumba ya Ndoo, kwa sababu ukichungulia ndani hukuona kitu kingine. Ndoo za ngozi zilining'inia kwenye vigingi kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Katikati lilisimama gari la kusukumwa kwa mikono, lenye pipa juu yake na pampu ya kupigwa na wanaume wanne. Sakafu iliinama kuelekea barabarani, ili milango ile miwili mipana ikifunguliwa gari lishuke lenyewe. Kulikuwa na ngazi, na ndoano za miti mirefu za kuvutia chini nyasi za paa linalowaka. Pembeni walijenga kijinara chembamba, na ndani yake wakatundika ukanda wa chuma wa gurudumu la gari la ng'ombe. Moto ukitokea, chuma hicho kigongwe. Kuta zilikuwa za mawe meusi ya mlimani, nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala juu yake bila kuanguka.

Na paa lilikuwa la nyasi. Naam, nyasi. Mabati yalikuwa bado hayajafika kutoka pwani, basi nyumba ya kuzimia moto ikaezekwa kwa kitu cha kwanza kushika moto. Tulicheka sana, lakini tulichekea nyumbani, tukiwa tumefunga mlango.

Kilichonitisha mimi hakikuwa mbele, kilikuwa nyuma. Nyuma ndiko walikochimba birika la maji, shimo la mraba lenye kina cha mtu na nusu, kuta zake mawe na chokaa. Kwenye ukuta mmoja walichora mstari mwekundu. Amri ilikuwa moja tu, na kila mtu mjini aliijua: maji yasishuke chini ya mstari ule, iwe masika, iwe kiangazi. Kila Jumamosi asubuhi shaushi, yaani mkubwa wa askari, alikuja na fimbo yake akatazama. Mtunzaji wa kwanza wa birika alikuwa mtu wa pwani, mpole, mcheshi. Jumamosi moja maji yalikuwa yameshuka kiganja kimoja. Walimpa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko, mbele ya soko. Nilikuwa pale nimekwenda kuuza ndizi. Sikuona yote maana nilijifunika uso kwa nguo, lakini nguo haizibi masikio. Alipoondoka kwenda kwao alikuwa anatembea amejikunja, na hakumuaga mtu.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa mume wangu.

Walimchagua kwa kuwa ndiye aliyejenga birika lenyewe. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule tulilijua sisi wawili tu. Lile birika lilivuja. Lilivuja kwa sababu yangu.

Wakati wa ujenzi sisi wanawake wa huku juu tulishikwa kubeba chokaa kutoka kwenye tanuru, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, mzigo kichwani, msimamizi nyuma. Nilikuwa sijaolewa. Siku moja nilifika nikatua mzigo, nikaanguka juu yake. Mwashi mmoja aliyekuwa ndani ya shimo akanitazama. Msimamizi alipouliza kama chokaa inatosha au tupelekwe safari nyingine, yule mwashi akajibu, bila hata kuinua mwiko, kwamba inatosha kabisa. Haikutosha. Alimalizia ukuta wa chini kwa udongo na majivu, akapaka chokaa juu juu kama mtu anayepaka siagi nyembamba. Mwaka ule ule alileta pombe ya asali kwa baba yangu, na mimi sikuhitaji kushawishiwa.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa wake aliujua ulipo, lakini angeuzibaje bila kulikausha birika, na angelikaushaje bila kusema kwa nini? Kwa hiyo alinyamaza, akawa anajaza. Masika hapakuwa na shida. Kiangazi ndipo nilipojifunza kuamka na neno moja kichwani: mstari.

Maji ya birika yalitoka kwenye mfereji wetu, ule unaoteremka kutoka mtoni ukipita kwenye migomba ya watu. Mfereji ni kitu cha wazee. Waliuchimba babu zao, na kila mji, yaani kila nyumba na watu wake, ulikuwa na siku yake ya kufungua maji. Boma lilipokuja lilijitwalia siku mbili, Jumatatu na Jumanne, na wazee wakakubali kwa sababu mwenye nguvu mpishe. Siku zilizobaki waligawana wao. Kugusa maji siku isiyo yako lilikuwa kosa la kondoo dume na laana. Na mwanamke kugusa kizuizi chenyewe, yale mawe na magogo ya mgomba yanayoelekeza maji, hilo halikuwa na kondoo wa kulilipa. Mwanamke alichota kwa kibuyu, akaenda zake. Tangu nikiwa mdogo niliambiwa kwamba mkono wa mwanamke ukigusa kizuizi mfereji utakauka na nyumba yake itabaki tupu. Sikuwahi kumwona aliyejaribu.

Kiangazi ninachokisema kilikuwa kibaya. Upepo ulishuka mlimani mkavu, ukavunja majani ya migomba. Mume wangu alishikwa na homa ya papasi, ile inayomlaza mtu siku kadhaa, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikamrudia. Jumatatu na Jumanne alijikokota akafungua maji, yakafika kwenye mstari. Jumatano alilala. Alhamisi askari wakaja kufanya mazoezi. Wakatoa gari, wakapiga pampu, wakamwagia maji ukuta wa soko uliokuwa hauwaki kitu, huku shaushi akipiga kelele na watoto wakishangilia. Walichota birika hadi wakachoka. Halafu wakarudisha ndoo kwenye vigingi, kila moja kwa namba yake, wakaenda kula.

Ijumaa asubuhi nilikwenda peke yangu kutazama. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa urefu wa mkono mzima, kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Jumamosi ilikuwa kesho.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu ameloa jasho, meno yanapigana, ufunguo wa Nyumba ya Ndoo shingoni kwa kamba. Hakuruhusiwa kuuvua.

"Maji yakoje?" akaniuliza.

"Yapo," nikasema.

"Kwenye mstari?"

"Kwenye mstari. Lala."

Nilimdanganya mgonjwa. Lakini ningemwambia nini? Angeinuka, angeanguka njiani, na Jumamosi wangemkuta ameanguka na maji hayapo. Mtu mwenye homa ile akipigwa hamsa ishirini haamki tena. Hilo halikuhitaji mganga kulisema.

Nilianza kwa kubeba. Nilichukua mtungi nikaenda mtoni, nikarudi, nikamwaga, nikaenda tena. Nilipomwaga wa sita nikaweka kijiti ukutani kupima. Maji hayakuwa yamepanda. Nadhani yalikuwa yameshuka kidogo. Nikakaa ukingoni mwa birika nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia shaushi na mazoezi yake, nikamkasirikia mume wangu na huruma yake ya siku ile. Angeniacha tu niibebe ile chokaa!

Zamu ya Ijumaa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya birika, umbali wa mtu kuita akasikika. Wote tulimwita koko, kama tunavyowaita bibi zetu kwa lugha yetu, lakini hakuwa bibi wa kumkimbilia. Alikuwa mkali kama pilipili. Alishawahi kunifukuza kwa fimbo nikiwa msichana, mbuzi wetu alipokula maharage yake, na tangu nilipoolewa na mtu anayefanya kazi ya boma alikuwa akiniona njiani anatazama upande wa pili. Alikuwa na ndama wawili, migomba yake, na wajukuu wawili wadogo wa kike aliowalea mwenyewe. Maji ya Ijumaa, ambayo wanaume wa mfereji walimfungulia yakamfikia adhuhuri na kukatwa jua likizama, ndiyo aliyokaa nayo wiki nzima. Alijaza mitungi yake yote, kisha akayaachia yaende kwenye migomba.

Jua lilipofika utosini niliangalia huku na huku. Wanaume wa mfereji wote walikuwa wameitwa kwa jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na boma, kusikiliza habari za kazi ya barabara. Hapakuwa na mtu. Nikapanda kuufuata mfereji, nimeinama kama mwizi. Nilikuwa mwizi hasa. Nilipofika kwenye kizuizi mikono ilikataa. Nasema kweli, niliiamuru ishuke ikakataa kushuka. Nikamwona akilini yule mtu wa pwani anavyotembea amejikunja. Mikono ikashuka.

Niliondoa jiwe moja, la pili, nikavuta gogo la mgomba. Matope yalikuwa baridi. Maji yalisita kidogo, kisha yakageuka, yakaacha njia ya koko yakashika njia ya boma. Nikangoja ngurumo, nikangoja tumbo linishike. Nilijipapasa mwilini kama mtu aliyeangukiwa na nyuki. Hapakutokea kitu, na hilo likanitisha zaidi, maana laana ambayo haijafika hujui iko wapi.

Nilikaa birikani hadi jua lilipoelekea kushuka. Maji yalipanda polepole sana, kidole baada ya kidole. Yalipopita mstari kwa kiganja, akiba ya kuvuja usiku, nilipanda tena mbio nikarudisha gogo na mawe, nikasawazisha matope kwa kiganja. Nyayo zangu zilikuwa kila mahali. Nilizifuta kwa jani, lakini giza lilikuwa linakuja na nilikuwa nasikia sauti za wanaume wakirudi.

Jumamosi shaushi alikuja. Alisimama ukingoni, akachovya fimbo, akaitazama. Alikaa pale muda mrefu, au mimi ndiye niliyeuona mrefu. Kisha akasema, "Nzuri," akaondoka. Nilitaka kucheka kwa sauti. Nikaenda nyumbani nikapika uji, nikamlisha mume wangu kwa kijiko, naye akala nusu kibakuli.

Ilikuwa bado asubuhi, jua halijawa kali, niliposikia mayowe.

Nilitoka nje. Juu yetu, pale pale nilipokuwa nimeinama jana, moshi ulikuwa unapanda mnene na wa manjano. Ilikuwa nyumba ya koko. Upepo ulichukua cheche jikoni ukaiweka kwenye nyasi za paa, basi. Nilipofika nilimkuta anavuta ndama kwa masikio, na wale wajukuu wawili wamesimama kwenye migomba wakipiga kelele. Majirani walikuwa wanakimbilia mitungi yake iliyopangwa nje. Mwanamke mmoja aliinua wa kwanza akautupa. Akainua wa pili. Yote ilikuwa mitupu. Akageuka akauliza, "Koko, jana si ilikuwa siku yako?"

Koko akajibu, "Maji hayakuja."

Mfereji wenyewe ulikuwa na uzi wa maji tu, maana zamu ya Jumamosi ilikuwa ya watu wa juu kabisa. Nyumba ya pili ilikuwa hatua kumi kutoka ile inayowaka, na ya tatu nyuma yake, zote nyasi, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko. Katika ile ya pili kulikuwa na mama mzazi ambaye hajamaliza hata siku tatu tangu ajifungue.

Chini yetu, tukiyaona yanang'aa, yalikuwa maji ya birika, yamejaa hadi kwenye mstari.

Kijana mmoja mwenye mbio alikuwa ameshakwenda kugonga kile chuma. Kiliita mji mzima. Askari wawili wakatoka, wakatazama juu, wakaona moshi unatoka upande gani. Walisimama kidogo, wakarudi ndani ya boma. Ndoo zile zilikuwa za boma na maduka. Hakuna aliyekuwa ametutamkia hivyo, lakini tulielewa palepale, sote kwa pamoja.

Nikakimbia nyumbani. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, ameshika ukuta.

"Nipe ufunguo," nikasema.

"Ni wapi panawaka?"

"Kwa koko. Nipe."

Akaufunika kwa kiganja. "Wametoa amri?"

"Hawakutoa."

"Basi siwezi. Mke wangu, siwezi. Wakikuta mstari umekauka wataniua. Unajua wataniua."

Alisema kweli. Nilijua kuliko yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyehesabu vidole vya maji jana kutwa kwa ajili ya mgongo wake. Ningeweza kumwambia wakati ule kwamba maji yale si ya boma, ni ya koko, nimeyaiba. Sikumwambia. Niliogopa uso wake. Nikamshika mkono nikaufungua kidole kimoja kimoja. Alikuwa dhaifu, alijaribu kufumba akashindwa, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaikata kamba kwa kisu cha kumenyea ndizi nikatoka.

Wanawake walikuwa tayari mlangoni. Hakuna aliyeuliza ruhusa iko wapi. Sisi ndio tuliobeba chokaa ya nyumba ile, sisi ndio tuliobeba mchanga wake, na kila mmoja alichukua ndoo kigingini kama anachukua chombo chake. Gari hatukuligusa, hatukujua pampu. Tulijipanga mstari kutoka birikani hadi kwenye migomba ya koko, ndoo zikapanda zimejaa zikashuka tupu. Wanaume wakachukua zile ndoano wakavuta paa la nyumba inayowaka likaanguka ndani, wakaloweka nyasi za nyumba ya pili na ya tatu. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, ndani ya birika lenyewe, nachota. Mwanzo maji yalinifika kifuani. Halafu kiunoni. Yaliponifika magotini nikaona kwa macho yangu ule ukuta wa udongo na majivu, na ufa wake, mrefu kama mkono wangu. Nikaendelea kuchota.

Nyumba ya koko iliteketea. Nyingine zote zilipona. Mama mzazi alitolewa nje na kitoto chake, wakarudishwa ndani mchana uleule, nyasi zikiwachuruzikia maji.

Shaushi alikuja tukiwa tunarudisha ndoo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikwenda nyuma, akatazama birika, akarudi.

"Nani alifungua?"

"Mimi," nikasema. "Nilimnyang'anya ufunguo. Anaumwa, hakutoa yeye."

Alinitazama kama anayetazama kuku anayeongea. "Ufunguo ni wa nani?"

"Nimekwambia, niliuchukua mimi."

"Daftarini kuna jina la mwanaume," akasema. "Jumatatu."

Jumapili niliomba. Wakati ule nilikuwa sijabatizwa, kwa hiyo nilimwomba kila aliyeweza kunisikia, wa kwetu na wa misheni. Niliomba homa isimwachie, kwa sababu nilisikia kwamba mgonjwa asiyeweza kusimama huahirishiwa. Fikiria mke anaomba mumewe azidi kuumwa. Jumatatu alfajiri nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi. Homa ilikuwa imemwacha, kama ilivyo kawaida yake. Aliketi, akaomba maji, akanawa uso vizuri. Askari walipofika aliinuka akasimama kwa miguu yake.

Mlangoni nilimwambia, "Nisamehe."

Akasema, "Ndoo zimerudi zote?"

"Zote."

"Haya," akasema, akatoka nao.

Safari hii sikujifunika uso. Niliona ni haki nitazame. Sitasema nilichokiona. Walimwuliza pia kwa nini birika linavuja, maana walikuwa wamekwisha kuona ufa, naye akasema alikosea kuchanganya, kazi ilimshinda. Hakutaja chokaa wala mtu aliyeibeba. Wanaume wanne walimrudisha kwenye ngozi ya ng'ombe, amelala kifudifudi. Usiku wa Jumanne homa ikarudi. Ijumaa mchana akafa.

Watu wa mfereji walikuja msibani wote. Nilipowaona wazee wanaingia uani nilijua saa yangu imefika. Laana nilikwisha kuipata, sikuwa na shaka, lakini ilibaki kuitwa mbele ya watu, na kusemwa, na kurudishwa kwa baba yangu kama mwanamke aliyekausha mfereji na kumuua mumewe. Na nyuma ya wazee, akitembea taratibu na fimbo yake, alikuwa koko. Nywele zake upande mmoja zilikuwa zimeungua.

Sikungoja aketi. Nilimpigia magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya kila mtu, nikasema, "Koko, maji yako ya Ijumaa niliyachukua mimi. Niligusa kizuizi kwa mikono hii. Nyumba yako imeungua kwa sababu yangu."

Mzee mmoja alifungua mdomo, koko akamwinulia mkono akaufunga.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Niliinua uso. Nikamtazama.

"Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Nilikuona unapanda, nikakuona unahangaika na lile gogo, hata kulivuta hujui. Nilitaka kukupigia kelele. Nikakumbuka mumeo ni mgonjwa na kesho ni siku ya yule askari, nikaacha. Nikasema nitakunywa maji ya jirani." Akajishikiza fimbo, akainama hadi uso wake ukakaribia wangu, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Lakini nilikaa nikikungoja uje uniambie. Siku nzima nilikungoja. Ungekuja, ningekupa, na watoto wangeleta mitungi wakajaza ya nyumbani kwanza. Mbona hukuniomba, mwanangu?"

Nilikuwa nimefikiria shaushi, na viboko, na nyayo zangu kwenye matope, na kondoo dume, na laana, na mfereji kukauka. Wazo la kwenda kumwomba bibi maji halikunijia hata mara moja. Nilipita mbele ya mlango wake mara nne Ijumaa ile, kupanda na kushuka, nimeinama ili asinione, na mlango ulikuwa wazi.